Chuo cha Wanawake Bado Kina Kazi

Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alipofika Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, mwaka 1960, alikuwa binti wa miaka 20 kutoka Nyeri, mmoja wa vijana waliosafirishwa kwa mpango wa mwanasiasa Tom Mboya kwenda kusoma Marekani. Chuo kilichompokea, Mount St. Scholastica, kiliendeshwa na masista Wabenediktini na wanafunzi wake walikuwa wanawake. Alihitimu mwaka 1964 kwa shahada ya biolojia, na pembeni yake alikuwa amesoma kemia na Kijerumani.

Hicho Kijerumani ndicho kinachonivuta. Aliporudi Nairobi mwaka 1966, akiwa na barua ya ajira mkononi, alikuta nafasi yake chuo kikuu imekwisha kupewa mtu mwingine. Aliyemwajiri hatimaye alikuwa Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani wa anatomia ya mifugo, na haukupita muda mrefu Wangari akawa Ujerumani, Giessen na Munich, akiendelea na utafiti wa uzamivu. Mwaka 1971 alitunukiwa udaktari wa falsafa, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Alipochagua lugha ile kule Kansas hakuna aliyejua itamfaa wapi. Kwetu Tanzania, kijana anayeingia kidato cha tano na tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) huwa ameagana na tahasusi za lugha na historia kabla hata hajavuka miaka 20. Vyuo vya elimu pana, kama hicho cha Kansas, vinakataa kumfungia mtu mlango mapema hivyo: mwanabiolojia asome falsafa, mwanahistoria aingie maabara, ndipo abobee katika fani yake.

Lakini elimu pana inapatikana pia katika vyuo mchanganyiko. Swali gumu zaidi ni kama kuna faida ya kuwatenga wanawake. Nasema ipo, na ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Atlanta. Chuo cha wanawake cha Spelman kilianza mwaka 1881 katika chumba cha chini cha kanisa la Wabaptisti, kikiwa na wanafunzi 11, wengi wao wanawake waliotoka utumwani. Leo chuo hicho, chenye wanafunzi wasiofika 3,000, kinaongoza Marekani nzima kwa idadi ya wahitimu wanawake weusi wanaoendelea hadi kupata udaktari wa sayansi. Vyuo vikuu vyenye wanafunzi makumi ya elfu na maabara za mabilioni havikifikii.

Wapo wanaosema Spelman huchukua mabinti ambao tayari ni wazuri, kwa hiyo wangefaulu popote. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi, kwa sababu vyuo vikubwa navyo huchagua walio bora. Tofauti iko katika maisha ya kila siku. Katika maabara isiyo na mwanamume, hakuna binti anayeachiwa kuandika matokeo huku wenzake wakishika vifaa. Rais wa serikali ya wanafunzi ni mwanamke, mhariri wa gazeti ni mwanamke, na aliyekosea hesabu ubaoni hakosei kwa niaba ya jinsia yake. Tena, kwa kuwa wanafunzi wa uzamili ni wachache au hawapo kabisa, profesa anayetaka msaidizi wa utafiti humchukua mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Hapo ndipo mwanasayansi anapozaliwa.

Vyuo hivi pia viliwapa kazi wanawake ambao kwingine walinyimwa. Mwanahisabati Emmy Noether alifundisha kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kozi zilizotangazwa kwa jina la mwenzake David Hilbert, kisha mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kwa kuwa Myahudi. Chuo kilichompokea kilikuwa Bryn Mawr, Pennsylvania, ambako idara ya hisabati iliongozwa na mwanamke, Anna Pell Wheeler. Alifundisha huko hadi alipofariki mwaka 1935.

Kuna hofu kwamba binti aliyelelewa hivyo atayumba akikutana na dunia yenye wanaume. Maisha ya Wangari yanasema kinyume. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai masharti ya kazi sawa na ya wanaume, kuanzia nyumba hadi matibabu, wakati wengi waliona heri kunyamaza. Mtu aliyekwisha kuishi mahali ambapo usawa ni jambo la kawaida hauombi kama hisani.

Kinachonitia wasiwasi ni fedha. Miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na vyuo vya wanawake zaidi ya 200. Sasa havifiki 40. Chuo chenyewe cha Wangari kiliunganishwa na jirani yake wa kiume mwaka 1971. Chuo cha wanawake cha Wellesley, pamoja na malazi na chakula, hugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, na ingawa misaada kwa wasio na uwezo ni mikubwa, tukinakili mfano huo kama ulivyo tutawajengea shule watoto wa matajiri.

Mfano unaotufaa uko New York. Barnard, chuo cha wanawake kilichofunguliwa mwaka 1889, kiko ng'ambo ya barabara kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Kina rais wake, wahadhiri wake na bajeti yake, lakini wanafunzi wake husoma kozi za pande zote mbili na shahada hutolewa na Columbia. Kenya ilijaribu njia ya kusimama peke yake kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kiriri, mwaka 2002, kwa ajili ya wanawake katika sayansi na teknolojia. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vinaweza kuanzisha chuo cha wanawake ndani yake kwa gharama ndogo zaidi, maana maktaba, maabara na mabweni ya wanawake tayari yapo. Vinavyokosekana ni wahadhiri wa chuo hicho chenyewe, mkuu mwenye mamlaka ya kuajiri, na ruhusa ya mwanafunzi wa fizikia kusoma Kijerumani.