Ngoma Isiyo na Mwenyewe

"Huo ni mchezo tu." Ndilo jawabu linalotolewa kila matusi na vitisho vya michezo ya mtandaoni vinapolalamikiwa. Hulitoa aliyetukana, hulitoa waliocheka, na kampuni zenye michezo hulitoa kwa maneno ya adabu zaidi. Katika mwambao jawabu hili limepata hata mawakili. Hao hudai kuwa Mswahili hana haki ya kushituka, kwani yeye mwenyewe ni mtu wa mipasho, vijembe na utani. Kijana anayemtukana mgeni kwa kipaza sauti, wanasema, anaendeleza mila ya majibizano kwa chombo kipya.

Wakili wa namna hiyo ama haijui mila anayoitaja, ama anaijua na anaisingizia.

Mashairi ya majibizano yalikuwa makali. Karne ya 19 ilipokuwa changa, Mombasa na Lamu zilikuwa katika uhasama uliofikia kumwaga damu Shela, na Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu kila mmoja aliutetea mji wake kwa shairi. Hapakuwa na upole. Lakini kila ubeti ulikuwa na mwenyewe. Aliyetupa neno alijulikana kwa jina, kwa baba na kwa mji, na desturi ya kujibizana ilimfunga mwenye kujibu afuate bahari na vina vya mwenziwe. Mwenye hasira alilazimika kwanza kuhesabu mizani. Kazi hiyo peke yake ilikuwa lijamu: tusi lisiloingia katika vina lilimwaibisha mtungaji kabla halijamfikia aliyekusudiwa.

Taarab nayo ilikuwa na ncha zake. Vikundi vya wanawake vya Unguja, Sahib el-Arry na Nuru el-Uyun, vilishindana kwa nyimbo, na mipasho iliumiza. Si haki kuipamba. Hata hivyo mwimbaji alisimama uso wazi mbele ya waliomjua, na mpinzani wake alikuwa na usiku wake wa kujibu. Utani, kwa upande wake, ni deni. Mtani anayetoa maneno machafu harusini ndiye huyo huyo anayewahi msibani kufanya kazi nzito. Anayemwambia mchezaji asiyemjua "nenda ukajiue" hatafika msibani.

Hapo ndipo penye tofauti. Mchezo wa mtandaoni huwakutanisha watu wasiojuana kwa muda wa nusu saa, kila mmoja na jina la bandia, asiye na mji wala ukoo. Mechi ikisha hutawanyika. Aliyetukanwa hana zamu ya kujibu wala hadhira ya kumwamulia. Amebakia na maneno masikioni mwake. Mwaka 2019 jumuiya ya Anti-Defamation League iliwahoji watu wazima wa Marekani wanaocheza mtandaoni: asilimia 74 walisema wamewahi kusumbuliwa, na asilimia 65 walitaja usumbufu mzito, kama vile vitisho vya kupigwa na kuandamwa. Mambo yanayowafika wengi kiasi hicho hayawezi kuitwa utovu wa adabu wa vijana wachache.

Hata ushujaa wa watukanaji ni wa kutiliwa shaka. Mwaka 2015 watafiti Michael Kasumovic na Jeffrey Kuznekoff walichapisha uchunguzi wao wa mchezo wa Halo 3. Waliona kuwa waliozidi kumshambulia mchezaji mwenye sauti ya kike ni wanaume wenye ustadi mdogo. Hodari walimsemesha kwa wema zaidi. Mpenzi wa ushairi hatashangaa. Malenga aliyekaukiwa ndiye anayekimbilia matusi.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Desemba 2017 wachezaji wawili wa Call of Duty nchini Marekani waligombana kwa ajili ya dau la dola moja na nusu. Mmoja wao alimpata mtu wa Los Angeles, bingwa wa kuwapigia polisi simu za uongo, akamtaka awapeleke askari nyumbani kwa hasimu. Hasimu naye, kwa ubishi, alikuwa ametoa anwani ya nyumba aliyokwisha kuhama. Askari wa Wichita, Kansas, walioambiwa kuwa ndani mna muuaji na mateka, walimpiga risasi mlangoni pake mtu wa miaka 28, baba wa watoto wawili, ambaye hakuwamo katika mchezo wala ugomvi. Aliyepiga simu alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 20. Ni nani atakayesimama kaburini aseme kuwa ulikuwa mchezo tu?

Kuna na nasaha nyingine, ya upole lakini yenye dhuluma ndani yake: zima sauti, mfungie, toka. Kwa usiku mmoja nasaha hiyo yafaa, na pamoja nayo yafaa kuhifadhi picha ya maneno na kupeleka malalamiko. Ikifanywa sheria, humwondoa uwanjani aliyeonewa na kumwachia uwanja mwonevu. Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Msichana wa Unguja au Mombasa anayejificha nyuma ya jina la kiume ili acheze kwa salama ameambiwa waziwazi kuwa hapo si kwao. Mzazi anayempokonya simu anaithibitisha hukumu hiyo.

Wa kuulizwa kwanza ni mwenye ngoma. Kampuni ndiyo iliyosafisha uwanja, ndiyo inayowapanga wachezaji, na ndiyo inayokusanya fedha mlangoni. Haiwezi kudai kuwa kelele za ndani hazizihusu. Wala haiwezi kudai kuwa jambo halina dawa. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 kampuni ya Riot Games iliwapa wachezaji wa League of Legends baraza lao la kusoma mashauri ya watukanaji na kuyapigia kura. Agosti 2023 Call of Duty ilianza kutumia programu ya kusikiliza matusi ya sauti, na mwezi huo huo Xbox ikatangaza utaratibu wa madoa manane, ambapo mwenye kuyatimiza hufungiwa mwaka mzima. Uwezo upo, ila umekuja baada ya miaka mingi ya vilio, nao bado hugawiwa kwa kibaba.

Sheria nazo zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2018. Zote mbili zimeufanya usumbufu wa mtandaoni kuwa kosa la jinai. Lakini zimesikika zaidi zikiwashika waliowasema wakubwa kuliko zikimkinga mtoto anayetishwa na mtu asiyemjua.

Basi anayetaka kuitaja mila na aitaje kamili. Na ajitaje kwa jina lake na mji wake, angoje zamu yake, atie neno lake katika vina, na mwenziwe akifikwa na msiba aende. Akishindwa na hayo, asimsingizie Muyaka.