Tangazo la City Hall Lisomwe Kanisani

Makanisa yetu mengi hayafungishi ndoa kabla majina ya wachumba hayajasomwa mbele ya waumini Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulitoa. Utaratibu huu ni wa kale, hauna gharama, na hatujasikia bwana harusi akilalamika kwamba unamcheleweshea sherehe. Lakini jiji la Nairobi, lenye wakazi 4,397,073 kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, hufungishwa kila mwaka ndoa na bajeti ambayo wengi wao hawajapata kuisikia ikitajwa. Tangazo hutolewa gazetini, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, katika ukurasa ambao msomaji huupita akitafuta matokeo ya kandanda. Mkutano huitwa katikati ya juma, saa za kazi. Waliofika hupewa chupa ya maji na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi ile ndiyo hupelekwa baadaye mbele ya Bunge la Kaunti kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Sisi tunasema bila kigugumizi kwamba habari za serikali ya jiji ni mali ya wakazi wa jiji. Si hisani ya Gavana, si zawadi ya mwakilishi wa wadi kwa wapambe wake, wala si siri ya makarani. Mkazi asiyejua ni pesa ngapi zilizotengewa barabara ya mtaa wake hawezi kuuliza kwa nini barabara haikujengwa. Mchuuzi wa Gikomba asiyejua ada anayodaiwa imewekwa na sheria gani hana la kufanya ila kulipa, au kutoa kitu kidogo ili asilipe. Mama wa Mathare asiyejua maji ya bomba yanatarajiwa siku gani hununua kwa mtungi wa lita 20, kwa bei anayoipanga muuzaji. Ujinga wa namna hii haukutokana na uvivu wa wananchi. Kuna watu wanaokula kutokana nao.

Wasomaji wetu wa makamo wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mnamo 1983 Serikali iliwaondoa madiwani waliochaguliwa, ikaweka mahali pao Tume ya Jiji ambayo wanachama wake waliteuliwa kutoka juu, na wakazi hawakuchagua tena madiwani hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Kwa karibu miaka kumi mlipa kodi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumwuliza lolote. Mwezi wa Mei 1990 askari wa Tume hiyo, pamoja na polisi, waliwashukia wakazi wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, wakavibomoa vibanda vyao; Novemba ya mwaka ule ule ikawa zamu ya Kibagare. Viongozi wa makanisa walikemea. Tume kwa upande wake ilikuwa na mantiki yake, maana mtu usiyemchagua haoni sababu ya kukuarifu.

Kisha vyama vingi vikarudi, Katiba mpya ikatangazwa Agosti 27, 2010, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Nairobi ikagawiwa wadi 85, kila moja na mwakilishi wake. Lakini tabia ya kuficha ilihamia katika ofisi mpya pamoja na meza na viti vya zamani. Mnamo Februari 25, 2020, kwa sahihi zilizotiwa Ikulu, kazi nne za kaunti hii zikiwemo afya na uchukuzi zilikabidhiwa Serikali Kuu, na Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi likaongozwa na jenerali wa jeshi hadi mwaka 2022. Wapo wanaosema kwamba barabara kadhaa zilitengenezwa katika kipindi hicho, nasi hatuna sababu ya kuwabishia. Tunachouliza ni kwamba mkazi wa Kayole, aliyepanga foleni mwaka 2017 kumchagua atakayesimamia hospitali yake, aliambiwa lini kwamba usimamizi huo unahamishwa? Aliambiwa baada ya wino kukauka.

Linapofika suala la makao, kuchelewa kwa habari hugeuka kuwa balaa. Mwaka 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walipewa siku saba kuhama kwa tangazo la gazeti, na mwezi wa Novemba nyumba zao zikabomolewa. Aliyetoa tangazo lile hakuwa City Hall, bali shirika la Serikali Kuu, lakini aliyelala chini ya mabati hana wasaa wa kutofautisha tingatinga la huyu na la yule. Kesi yao ilipofika Mahakama ya Juu, uamuzi wa Januari 2021 ulithibitisha kwamba hata walioishi muda mrefu katika ardhi ya umma wana haki ya makao ambayo Katiba inailinda. Miaka kumi ya kwenda mahakamani! Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakazi wa kando ya mito huko Mathare na Mukuru waliondolewa kwa amri ya saa chache, wengi wao wasijue hata mpaka wa ukanda wa mto unapimwa kutoka wapi.

Katika mikutano yetu tumesikia ikisemwa kwamba sheria za nchi hii ni za matajiri. Kuhusu habari za kaunti hilo si kweli, na inatupasa kulisema kwa sauti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 196 kinaliamuru Bunge la Kaunti kufanya vikao vyake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, kwa hiyo anayetoa tangazo la bajeti kwa Kiingereza peke yake amewafungia mlango wakazi wengi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja hata mbao za matangazo, ambapo nafasi za kazi, uteuzi, zabuni na waliozishinda hutakiwa kubandikwa. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inampa mkazi haki ya kuarifiwa mara kwa mara hali ya mambo ya jiji, pamoja na hali ya fedha zake. Je, msomaji, ubao huo uko wapi katika wadi yako? Katika ofisi moja ya wadi tuliyoitembelea tuliuona. Ulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita na tangazo la mtu aliyepoteza kitambulisho.

Lakini kuna jambo moja ambalo wasomaji wetu wa makanisa hawana budi kulijua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji hakuishia hapo. Alieleza kwamba serikali ya kaunti haitoshelezi wajibu wake kwa kuchapisha tangazo na kisha kukaa kitako; ni lazima iwafuate watu mahali wanapokusanyika, naye akapataja mahali hapo: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya wananchi, na redio za taifa na za lugha za mama. Kanisa, basi, limetajwa na mahakama kuwa mahali pa kuwapasha watu habari za serikali yao kabla hawajatozwa kodi. Tangu siku ile, ni parokia ngapi za Nairobi zilizowahi kuletewa nakala ya Muswada wa Fedha wa kaunti? Na ni ngapi zilizowahi kuidai?

Muswada huo wa Fedha ndio unaomgusa mlalahoi kila siku kuliko hotuba zote za kampeni. Ndani yake hupangwa ada za leseni za biashara, za maegesho ya magari, za vibanda vya soko na za vibali vya ujenzi. Bunge la Kaunti linatakiwa kuupitisha katika muda wa siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi, na katika siku hizo 90 ndipo sauti ya mchuuzi ina uzito. Baada yake hubaki askari wa kanjo na lori lake.

Tunajua tutajibiwa kwamba hati zote zimewekwa katika tovuti ya kaunti. Nyingine zimewekwa, ndiyo. Lakini hati yenye mamia ya kurasa za tarakimu, iliyoandikwa kwa lugha ya wahasibu, na kuwekwa huko siku chache kabla ya mkutano, haijamfikia mtu ambaye simu yake huwekewa shilingi kumi za mawasiliano kwa siku. Tutajibiwa pia kwamba wananchi wakiitwa hawaji. Hilo nalo lina ukweli wake, ila tungependa kumwuliza mwenye kulisema kama yeye angeacha kibarua cha siku nzima ili akatie sahihi karatasi ambayo imekwisha kuamuliwa. Kaunti hii imekuwa na madeni ambayo Msimamizi wa Bajeti ameyataja mara kwa mara kuwa makubwa kuliko ya kaunti nyingine zote. Madeni ya namna hiyo hukua vizuri zaidi mahali ambapo hakuna anayesoma.

Kuna wachungaji watakaosita. Watasema, na tunawaelewa, kwamba wamechoka na wanasiasa madhabahuni. Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku hotuba za wanasiasa ibadani mwaka 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaukataa mchango wa Rais. Tuliyapokea maamuzi hayo kwa furaha. Lakini kumnyima mwanasiasa kipaza sauti ni jambo moja, na kuwanyima waumini habari ni jambo jingine kabisa. Karatasi inayosema kwamba zahanati ya wadi hii ilitengewa kiasi fulani cha fedha haimpigii mtu debe. Haihitaji kusomwa na mheshimiwa. Katibu wa parokia, au mzee wa kanisa, anatosha, baada ya matangazo ya wagonjwa na ya kwaya. Na anayetaka kueleza zaidi angoje nje ya mlango, au katika jumuiya ndogo ndogo siku ya katikati ya juma, ambako watu huuliza maswali bila haya.

Baadhi ya wenzetu katika harakati nao huiona kazi hii kuwa ya chini. Maandamano yana nyimbo na kamera. Makadirio ya bajeti hayana hata picha. Hata hivyo polisi hawamrushii mtu bomu la machozi kwa kusoma makadirio, na mwakilishi wa wadi huogopa zaidi bibi mmoja mwenye karatasi yenye tarakimu kuliko vijana mia wenye mabango. Tumewaona wakihema.

Wapi pa kuanzia? Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika ni lazima asaidiwe na ofisa mhusika. Kupeleka ombi hakulipiwi, ingawa kunakili hati huweza kutozwa gharama ya kiasi, na mwombaji hawajibiki kueleza sababu za kutaka habari hizo. Jibu linatakiwa katika muda wa siku 21. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Likikosekana, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Tunapendekeza kila kanisa na kila kikundi cha mtaa kianze na mambo machache: orodha ya miradi ya wadi yake, kiasi kilichotengewa kila mradi na kilicholipwa, jina la mkandarasi, na ratiba ya maji na ya kuzoa taka. Anayetaka yote kwa mara moja hujibiwa kwa jumla jumla.

Zibandikwe pia tarehe hizi karibu na ratiba ya ibada. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Mkakati wa fedha, kabla ya Februari 28 kupita. Makadirio ya bajeti, kabla ya Aprili 30 kupita. Na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mpango na mkakati hutakiwa kuchapishwa katika siku saba baada ya kufikishwa Bungeni, kwa hiyo kufikia Septemba 8 mkazi ana haki ya kuuliza hati iko wapi. Barua ikipelekwa kwa mkono, ichukuliwe pamoja na nakala ya pili, nayo igongwe muhuri na kutiwa tarehe ya kupokelewa, kwa maana siku 21 huhesabiwa kutoka hapo.