Daftari la Klabu

Katika visiwa vya Lamu mpira una wachezaji wengi na wapiga kura wachache. Vijana wa Langoni na Mkomani, wa Shela na Matondoni, wa Siyu, Faza na Kizingitini, hadi wenzao wa bara kule Mpeketoni, Hindi na Witu, hujinunulia viatu, hujichangia nauli za mashua na hujipigia wenyewe mistari ya uwanja. Lakini ufikapo wakati wa kuamua nani aongoze tawi, nani aende kuketi katika mkutano mkuu Nairobi, na kile kidogo kitokacho juu kigawanywe vipi, wengi wao hugeuka watazamaji. Ndiyo sababu tumeamua kuutoa ukurasa huu kwa mpira. Anayedhani kwamba demokrasia ni jambo la bunge na vyama vya siasa pekee, na autazame uongozi wa mchezo huu: ataukuta mfumo wa chama kimoja ukiwa mzima, umevaa kaptura.

Na tuanze na asili ya jambo. Chama cha mpira cha mji hakikuanza kama ofisi ya serikali. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, klabu ya kwanza iliundwa mwaka 1857, na miaka 10 baadaye, 1867, klabu za mji ule zikakutana na kuunda chama chao. Chama hicho kilikuwa na kanuni zake za mchezo, mbali na zile za chama cha London kilichoundwa 1863, na hakikuziacha hadi mwaka 1877 kwa hiari yake. Tuutazame mpangilio huo vizuri: klabu zilitangulia, chama cha mji kikafuata, na chama cha mji kilikuwa na ubavu wa kubishana na wakubwa wa mji mkuu.

Kwetu Afrika Mashariki mti ulipandwa mizizi juu. Mpira uliletwa na maofisa, askari, mabaharia na walimu wa shule za misheni; na uongozi wake ukabaki mikononi mwa hao waliouleta. Mwenyeji aliruhusiwa kucheza kabla hajaruhusiwa kuongoza. Mzungu alikuwa na mpira wake, Mhindi wake, na Mwafrika na Mwarabu wao. Hata kombe lililozikutanisha Kenya na Uganda tangu mwaka 1926 lilikuwa na jina la Gossage, kiwanda cha sabuni. (Sabuni ile haikuuondoa ubaguzi.) Hali haikuwa tofauti sana kwa jirani zetu wa Unguja, ambako viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa vijana wa Ng'ambo ilhali usimamizi ulikuwa wa maofisa wa kikoloni.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika haraka kuliko mazoea. Kenya ilikuwa imejiunga na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, mwaka 1960, na ligi ya taifa ikaanza 1963. Pwani haikuwa nyuma uwanjani: katika msimu wa tatu, mwaka 1965, ubingwa wa Kenya ulitwaliwa na Feisal ya Mombasa. Lakini ubingwa ulikwenda Mombasa bila ya ofisi kwenda nao. Maamuzi yalibaki Nairobi. Na katika zama za Shirikisho la Kandanda la Kenya, KFF, matawi yalipofuata mipaka ya mikoa, Lamu ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Pwani ambao makao yake yalikuwa Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, achilia mbali safari ya bahari kabla ya kuifikia hiyo barabara. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Klabu ya Faza iliyodhulumiwa pointi ingemlilia nani, na ingefika lini?

Wanasheria wenzetu watakumbuka kwamba katika miaka hiyo klabu ya mpira, kikundi cha kina mama na chama cha siasa vyote vilipita mlango mmoja: Sheria ya Vyama, Sura ya 108, na ofisi ya Msajili wa Vyama. Aliyeshika muhuri ndiye aliyeamua nani yupo na nani hayupo. Wapwani hawahitaji kukumbushwa jinsi Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilivyonyimwa usajili mwaka 1992, wakati ambapo vyama vingi vilikuwa vimekwisha kuruhusiwa. Klabu nazo zilionja mkono huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipoamuru majina ya kikabila yafutwe, Abaluhya ilibidi iwe AFC Leopards, na Luo Union ikawa Reunion. Huenda lengo lilikuwa jema. Tunachokihoji ni njia: amri ilishuka, na wanachama waliijua kama wanavyojua habari za mvua.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaziunganisha hadithi hizi 2. Kenneth Matiba aliiongoza KFF kuanzia 1974 hadi 1978. Mtu yule yule, baada ya kura za mlolongo za mwaka 1988, ambazo makanisa chini ya Baraza la Makanisa, NCCK, yalikuwa yamezipinga tangu 1986, alijiuzulu uwaziri mnamo Desemba akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama tawala. Mwaka 1990, yeye na Charles Rubia walidai vyama vingi hadharani na kuitisha mkutano wa Saba Saba katika uwanja wa Kamukunji, wakawekwa kizuizini kabla ya siku yenyewe. Lile dai lake la mwaka 1988, kwamba kura ihesabiwe kwa haki hata ndani ya chama, ndilo dai ambalo klabu za nchi hii bado zinalo dhidi ya viongozi wa mpira.

Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991. Mpira wa Kenya haujaiona Desemba yake ya 1991.

Ulichokiona ni duru ya mvutano isiyokwisha. Mwaka 2004 waziri aliuvunja uongozi wa KFF. FIFA ikaifungia nchi, kisha ikaifungulia baada ya miezi michache. Oktoba 2006 ikafungiwa tena hadi Machi 2007. Yakafuata mashirikisho mawili yakigombea jina moja. Novemba 2021 serikali iliuvunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, na kuweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu. Februari 2022 FIFA ikatufungia, na timu ya taifa ikaondolewa katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 kabla haijagusa mpira. Kifungo kiliondolewa Novemba 2022, baada ya viongozi waliovunjwa kurudishwa ofisini. Miezi 12 ya mateso, na tukarejea pale pale tulipoanzia.

Tunajua wapo wenzetu katika vuguvugu la mageuzi walioishangilia amri ya 2021, kwa kuwa walichoshwa na tuhuma za ubadhirifu. Uchovu wao tunauelewa. Lakini sisi tuliopinga watu kuwekwa kizuizini kwa amri ya waziri hatuwezi kuanza kupenda amri za waziri kwa sababu tu safari hii zimemwangukia tusiyempenda. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Michezo ya 2013 kinampa waziri uwezo wa kuingilia kati. Katiba ya 2010, kifungu cha 36, kinalinda uhuru wa watu kujiunga na kuendesha vyama vyao. Fedha zikiibwa, mahakama zipo. Uchaguzi ukiharibiwa, lipo Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, ambalo lilifuta michakato ya uchaguzi wa FKF mara 2, Desemba 2019 na Machi 2020. Kuyafumbia macho yote hayo na kukimbilia tangazo la waziri ni kumwomba chui awalinde mbuzi.

Tatizo lenyewe liko chini zaidi, katika swali la nani mpiga kura. Katika uchaguzi wa Oktoba 2011 klabu zenyewe, katika sehemu mbalimbali za nchi, zilipiga kura kuchagua viongozi wa taifa. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro zake, na hatuna haja ya kuupamba. Lakini ulipofika Februari 2016, mshindi alipata kura 50 na aliyemfuata 27. Nchi nzima, kutoka Kiunga hadi Busia, kura 77! Waliokwenda kwenye sanduku walikuwa wajumbe wachache, wa matawi ya kaunti na wa klabu za ligi kubwa. Mfumo huo wa wajumbe ndio uliotumika tena Desemba 2024, ulipochaguliwa uongozi mpya chini ya Hussein Mohammed. Wajumbe 77 wanaweza kulala katika hoteli moja. Wanaweza kulishwa katika ukumbi mmoja. Hatumtuhumu mtu, tunasema tu kwamba mfumo unaomwezesha mgombea kuwajua wapiga kura wake wote kwa majina na kwa nambari za simu unakaribisha majaribu ambayo hata wacha Mungu hukesha wakiomba waepushwe nayo.

Kwa hiyo ufunguo wa mpira wa Kenya umo katika tawi la kaunti, na ufunguo wa tawi ni daftari la klabu. Anayeliandika daftari ndiye anayeuandika ushindi. Kote nchini malalamiko ni yale yale: timu za mfukoni, ambazo hazina mpira wala mchezaji ila zina muhuri na katibu, huibuka mwezi wa uchaguzi na kuzama mwezi unaofuata, na klabu iliyocheza msimu mzima huambiwa jina lake halionekani.

Hapa Lamu ubaya huo unazidishwa na jiografia. Kaunti yetu ina wadi 10. Tatu kati yake, Faza, Kiunga na Basuba, ndizo Lamu Mashariki, na mtu wa huko hafiki Amu kwa kutaka tu. Boti za Pate hupita mlango wa Mkanda, nao hupitika vyema maji yakijaa; anayepangiwa mkutano saa 3 asubuhi siku ambayo maji yanajaa adhuhuri amekwisha kunyimwa kura bila ya mtu kumwambia hapana. Ongeza nauli ya wajumbe. Ongeza timu za wasichana, ambazo wazazi hawawezi kuziruhusu kulala safarini. Kwa maneno machache, mahali pa kupigia kura huweza kuwa wizi wa kura, na wizi huo hauachi alama.

Na yapo makubwa kuliko pointi. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 washambuliaji waliingia Mpeketoni na kuua zaidi ya watu 40, baadhi ya wakazi wakiwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Amri ya kutotoka usiku ikafuata, na kwa miezi kadhaa kaunti nzima ilijifungia ndani, kisiwani na bara, Mwislamu na Mkristo, kila mmoja akimtazama jirani kwa jicho la wasiwasi. Mahubiri yalihitajika na yalitolewa. Lakini waumini wetu wa Mpeketoni na Hindi na ndugu zao wa Amu na Pate wana haja pia ya sababu ya kawaida ya kukutana kila wiki, kubishana juu ya penalti na kurudi nyumbani salama. Ligi ya kaunti inayoaminika inaweza kuwa sababu hiyo. Ligi ambayo ratiba yake inapangwa na wachache kwa faida ya wachache huongeza chuki pale ambapo tayari ipo ya kutosha.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche. Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi michezo na viwanja vyake. Katika kaunti ambayo ardhi imekuwa jeraha la miaka mingi, uwanja usio na hati ni kiwanja kinachomsubiri mnyakuzi. Tunaitaka kaunti itangaze viwanja vyote vya umma, kimoja kimoja, pamoja na hali ya hati zake, kabla ya kutuahidi majukwaa na taa. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ambazo Kenya imepewa pamoja na Uganda na Tanzania, zimefanya kila mwanasiasa aote viwanja vya mabilioni. Sisi tungeridhika na mstatili wa nyasi Kizingitini ambao hakuna atakayeamka siku moja na kuuzungushia ua.

Kwa viongozi wa tawi tunasema hivi, bila uadui. Muhula wa miaka 4 ulioanza mwishoni mwa 2024 una muda wa kutosha kulisafisha daftari. Libandikwe hadharani Mkunguni, Faza na Mpeketoni miezi 6 kabla ya uchaguzi ujao, likionyesha kila klabu, mtaa wake na mechi ilizocheza katika misimu 2 iliyopita, ili anayetaka kupinga jina apinge mchana, mbele ya watu. Klabu isiyocheza isipige kura. Hesabu za fedha zisomwe katika mkutano ambao waandishi na wazee wa mitaa wanaweza kuketi. Na kituo kimoja cha kura kiwekwe Faza na kingine Kiunga, kwa siku itakayochaguliwa baada ya kutazama maji.

Klabu nazo zisingoje kuitwa. Kila klabu na iandike leo barua ya kuulizia jina lake katika daftari, ibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na isipojibiwa iiwasilishe kwa Msajili wa Michezo. Makanisa na misikiti yenye timu za vijana ifanye vivyo hivyo. Wasiojua pa kuanzia watatukuta tayari kuwasaidia kuiandika, bila malipo.