UBAO HAUKOSEI? MUULIZE SHANGAZI YANGU

Kila nikiona sindano vidole vinaniuma. Wiki hii tunayaweka pembeni mambo ya wapenzi na mitoko, nawaletea kasheshe ya kompyuta iliyotokea kwenye ukoo wetu wenyewe. Usikimbilie ukurasa wa michezo bwana, hii inakuhusu hata kama wewe unauza nyanya gengeni.

Shangazi yangu anashonesha nguo Magomeni. Ana vyerehani vitano na mafundi watano. Miaka yote oda zilikuwa kwenye daftari la kaunta: jina, simu, vipimo, aina ya mshono, advansi, siku ya kuchukua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na shangazi daftari analo. Tatizo ni kwamba daftari liko moja na watu sita wanalitaka kwa wakati mmoja. Huyu anatafuta kiuno cha mteja, yule anatafuta advansi, siku ya tatu ukurasa umechanika.

Basi mie nikajitia mjuaji. Nikamtengenezea kanzidata, yaani daftari la kwenye kompyuta, ambalo anajaza kwa simu yake. Unajua wazo la kupanga kumbukumbu kwenye majedwali yanayohusiana ni la mzee mmoja wa IBM, Edgar Codd, aliyeliandika mwaka 1970. Hadi leo kanzidata nyingi zinafuata njia yake. Uzuri wake ni kwamba mteja unamwandika mara moja, halafu oda zake zote zinaning'inia kwenye jina lake hilo hilo.

Lakini fundi hataki jedwali, fundi anataka kujua ashone nini sasa hivi. Kwa hiyo nikaweka kitu cha pili, ubao wa kazi. Ni programu yenye safu na kadi: KUKATA, KUSHONA, TAYARI. Fundi akimaliza anaisukuma kadi kwa kidole kwenda safu inayofuata. Ujanja huu ulianzia kiwandani Toyota kule Japani, ambako Taiichi Ohno aliwafanya watu wapelekeane kazi kwa kadi. Wenyewe wanauita kanban. Trello, iliyotoka mwaka 2011, ndiyo iliyowazoesha watu wengi ubao wa namna hii kwenye kompyuta na simu.

Sasa shangazi akawa anaandika oda kwenye kanzidata, halafu anaiandika tena kwenye ubao. Siku mbili tu akanijia juu. "Mwanangu, umenipunguzia kazi au umeniongezea?" Hapo ndipo nikaingia kwenye zile programu za kuunganisha, kama Zapier ya Marekani iliyoanza mwaka 2011, au n8n iliyoanzia Berlin mwaka 2019. Hizi hazikutaki ujue lugha za kompyuta. Hata mie niliyeishia sekondari niliziweza. Unachagua vitu kwa kubonyeza: kikitokea hiki, fanya kile. Oda mpya ikiingia kwenye kanzidata, tengeneza kadi kwenye ubao. Jina liende kwenye kichwa cha kadi, mshono uende kwenye maelezo, siku ya kuchukua iende kwenye tarehe ya mwisho.

Kuna kujua kwa aina mbili. Aina ya kwanza programu inachungulia kanzidata kila baada ya dakika kadhaa, kama mtoto anayechungulia jikoni kuona kama ugali umeiva. Aina ya pili kanzidata yenyewe inagonga mlango: hodi, kuna oda! Hiyo ya pili ina haraka zaidi. Sisi tulikuwa na ile ya kuchungulia, na ilitutosha. Gauni halishonwi kwa dakika moja.

Msomaji wangu, nilivimba kichwa. Ilikuwa Machi 2025, oda za Idd zimejaa. Tarehe 28/03, 29/03, 30/03, kadi zinaingia zenyewe, mafundi wanashona, wateja wanachukua. Nikatangaza mbele ya watu kwamba madaftari yote yafungwe kabatini.

Fundi mkubwa pale ni mzee wa makamo, ameshona tangu mie sijazaliwa. Yeye daftari lake dogo hakulifunga, alilificha kwenye droo ya cherehani. Siku mbili kabla ya Idd akaniita pembeni. "Mwanangu, hizi sare za sendofu kumi na nane si za Jumamosi hii inayokuja? Mbona kwenye ubao sizioni huku juu?" Nikatazama. Kadi ipo, imekaa chini kabisa, tarehe 4 Mei. Nikamjibu kwa dharau, na leo naona aibu kuandika: "Mzee wangu, ubao haukosei." Akanyamaza.

Jumatano, tarehe 2 Aprili, mafundi ndiyo kwanza wanarudi kutoka sikukuu, simu ya shangazi ikalia. Ni mama mdogo wa bi harusi. Anauliza waje saa ngapi kujaribu sare, maana sendofu ni Jumamosi tarehe 5. Shangazi akanigeukia. Vitenge vilikuwa bado vimekunjwa kwenye mfuko wake, mkasi haujavigusa.

Kumbe kosa lilikuwa hivi. Kwenye kanzidata, ile safu ya siku ya kuchukua niliiacha iwe maandishi tu, sikuiambia kuwa ni tarehe. Shangazi akaandika 05/04 kama sote tunavyoandika, tano mwezi wa nne. Programu ya kuunganisha ilikuwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, na Wamarekani wanatanguliza mwezi. Ikasoma mwezi wa tano, tarehe nne. Sasa utauliza, mbona oda za Idd zilikwenda sawa? Kwa sababu hakuna mwezi wa 28, wala wa 29, wala wa 30. Programu ilipoona haiwezekani, ikageuza ikapata jibu sahihi. Yaani nilikuwa nimejaribu mtambo wangu kwa tarehe ambazo haziwezi kukosea! Siku zote za hatari ni zile za 1 hadi 12, na mie sikujaribu hata moja.

Ndugu zangu, usiku tatu hatukulala. Shangazi aliazima vyerehani viwili kwa jirani. Mafundi walikata na kushona kwa zamu. Mie nikapewa kazi ya kushona vifungo na kukata nyuzi, ndiyo maana nasema vidole vinaniuma. Yule mzee ndiye aliyepanga nani afanye nini, akisoma vipimo kwenye kidaftari chake kile kile. Jumamosi mchana sare kumi na sita zilikuwa tayari. Mbili za mwisho zilimaliziwa pindo nyumbani kwa bi harusi, mwenye sare amesimama na khanga. Shangazi alirudisha nusu ya pesa ya ushonaji bila kuombwa. Mie hakunisema hata neno, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Jumatatu nilikwenda kwa mzee nikamwangukia. Akasema, "Mie sigombani na kompyuta yako. Nagombana na wewe kutonisikiliza." Sikuwa na la kujibu.

Wewe unayetaka kuunganisha kanzidata yako na ubao wa kazi, chukua haya niliyoyalipia. Kwanza, tarehe iwe tarehe, isiwe maandishi, na ukiweza andika mwaka mwanzo, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-05. Utaratibu huo ni wa kimataifa, unaitwa ISO 8601, ulitoka mwaka 1988, na haubishaniwi na Mmarekani wala Mmagomeni. Pili, kila oda iwe na namba yake, na programu itafute kwanza kama kadi ya namba hiyo ipo. Bila hivyo itatengeneza mbili, na gauni moja litashonwa mara mbili. Tatu, mtambo ukishindwa umtumie mtu ujumbe, usikae kimya. Nne, peleka kwenye ubao kile tu ambacho fundi anakihitaji. Namba ya simu ya mteja na deni lake vibaki kwenye kanzidata. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, kina mama hawapendi nyonga zao zijulikane mtaa mzima.

La tano ni la mzee. Siku hizi kila asubuhi, kabla cherehani halijalia, yeye anasoma tarehe za kwenye ubao kwa sauti, shangazi anazilinganisha na kanzidata, halafu kazi inaanza. Inachukua dakika tano. Kidaftari bado kiko kwenye droo, na mie ndiye niliyemnunulia kipya.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, tukirudi kwenye mapenzi. Huko angalau tarehe ukiikosea unagombana na mtu mmoja tu.