Rojo la Kihindi la Akiba

Dada mpenzi, rojo hili huharibikia kwenye vitunguu, si kwenye viungo. Kaanga vitunguu maji vinne, vilivyokatwa vyembamba, katika robo kikombe ya mafuta hadi viwe vya kahawia. Usivikimbize kwa moto mkali. Tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, kisha manjano, bizari nyembamba, giligilani ya unga na maji kidogo, visiungue. Ongeza nyanya sita zilizosagwa na chumvi, ukoroge mpaka mafuta yajitenge. Wahindi huiita kazi hii bhuna. Ukiikatiza, viungo vitanuka ubichi. Garam masala hutiwa mwisho.

Likipoa, ligawe vikoponi uligandishe. Jioni urudipo umechoka, ongeza maji, utie kuku au dengu zilizochemshwa, na watoto hawatasinzia wakingoja chakula.