MTOTO ATAFANYA, MZAZI ATALETA, SERIKALI JE?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili la chama niseme neno juu ya shule za msingi za kwetu Garsen na vijiji vya Mto Tana. Najua wako watakaouliza, mambo ya shule yanahusu nini chama cha watu wa reli? Yanahusu sana. Wengi wetu tunaofanya kazi Mombasa, Voi na Mtito Andei tumeacha watoto nyumbani, na kila muhula ukifunguliwa mshahara ndio unaokatwa kwanza, hata kabla ya kodi ya nyumba na unga.

Muhula huu wa pili wazazi wa shule moja ya huko kwetu wamepewa karatasi. Shule siitaji, maana sina ugomvi nayo peke yake. Karatasi za namna hii ni nyingi. Imeandikwa yale ambayo mtoto wa Gredi ya 4 atajifunza na kufanya mpaka shule zifungwe mwezi wa Agosti. Nimeisoma mara tatu. Ina safu mbili. Ya kwanza yasema "Mwanafunzi atafanya", na ya pili yasema "Mzazi ataleta". Mwanafunzi atatengeneza mbolea ya takataka, atafanya sanamu ya kutishia ndege shambani, atasuka, atapiga filimbi, atachora ramani ya mahali anapokaa, atafanya hesabu za sehemu na kupima maji kwa lita. Mzazi ataleta karatasi za manila, gundi, rangi, picha zilizopigwa chapa, filimbi ya plastiki, na tena pesa kidogo za karatasi za mtihani. Basi. Safu ya tatu hamna. Hakuna mahali palipoandikwa Serikali itafanya nini, wala italeta nini.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa mtaala huu wa umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017 na kuingia madarasa ya chini nchi nzima 2019, mpaka mtihani wa KCPE ukafanywa mara ya mwisho 2023. Mimi nilisoma shule ya misheni, katika mpango wa 8-4-4 ulioanza 1985, na kazi yetu ilikuwa kukariri. Mwalimu aliuliza mto mrefu kuliko yote katika Kenya ni upi, nasi tukapiga kelele pamoja, "Tana!", na huo Tana wenyewe ulikuwa hatua 200 nyuma ya darasa, wala hakuna siku tuliyopelekwa kuutazama na kuelezwa unatoka wapi. Kwa hiyo mtu akisema mtoto ajifunze kwa mikono na macho yake, mimi nampigia makofi. Ninalouliza ni nani alipe, na nani aulizwe kazi isipofanyika.

Chukueni hiyo sanamu ya kutishia ndege. Mtoto wa Wema au Hewani amekaa dunguni tangu hajang'oa meno ya utoto, akiamia ndege wa mpunga kwa kombeo na mayowe toka alfajiri mpaka jua kali. Angeweza kumfundisha bwana aliyeandika kitabu. Na mtaala wenyewe, nimeambiwa na walimu wenyewe, wataka vitu vinavyopatikana mahali mtoto anapokaa. Kwetu kuna makuti, matete, udongo wa mfinyanzi, majani ya mkindu, mabua ya mahindi. Basi duka la Malindi limeingiaje katika jambo hili, nalo liko zaidi ya kilomita 100? Limeingia kwa sababu mwalimu hakupewa kitu cha kufundishia, naye ana watoto wengi mbele yake, na anadaiwa alama za kila mtoto azipeleke kwa mtandao kwa Baraza la Mitihani. Anatafuta kitu kilicho tayari, kisafi, cha kupigwa picha. Sanamu ya makuti iliyofanywa na mtoto kwa mkono wake inaonekana mbaya katika picha. Ile iliyofanywa na baba usiku, kwa gundi na karatasi ya rangi, inapata alama nzuri. Kwa hiyo aliyejifunza ni baba, na aliyelipa ni baba, na mtoto amejifunza kwamba maarifa yauzwa dukani.

Na hiyo filimbi! Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kila shule ya Kenya inapopandisha bendera watoto husimama wakaimba wimbo wa taifa, na sauti ya wimbo huo, ile iliyochaguliwa 1963, imetoka katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto alale. Nchi nzima yaimba sauti iliyotoka kwa mama wa Mto Tana. Leo mjukuu wa mama huyo aambiwa kwamba hawezi kujifunza muziki mpaka baba yake atume pesa ikanunuliwe filimbi ya plastiki. Wazee wapiga ngoma na waimbaji wako pale kijijini, hawalipwi, hawaitwi. Sipingi mtoto kujua filimbi. Kama ni lazima, basi ije katika sanduku moja na chaki.

Sasa tuhesabu pesa. Kiwango cha Serikali kwa mtoto mmoja wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa desturi pesa hizo hugawanywa muhula wa kwanza 50 kwa mia, wa pili 30, wa tatu 20. Basi muhula huu mtoto wa Gredi ya 4 ana shilingi 426, kama zimefika zote na kama zimefika mapema, mambo mawili ambayo kila mwalimu mkuu atakuambia ni bahati. Gawanya kwa siku 70 za shule: ni shilingi 6 na senti chache kwa siku. Chai ya rangi hupati pale stendi ya Garsen kwa pesa hizo. Kwa shilingi 6 hizo kuna vitabu, chaki, karatasi, marekebisho ya paa na mshahara wa bawabu. Wakubwa wanajua hesabu hii. Ndiyo maana safu ya pili ya karatasi ni ndefu.

Mwaka 2003 tuliambiwa karo ya shule ya msingi imeondolewa. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na nakumbuka watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakarudi wakubwa, wenye ndevu zinazoanza, wakaketi chini nasi. Ilikuwa furaha ya kweli, wala sitaidharau. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wanachama, hii sheria yafaa tuijue kama tunavyojua mapatano yetu ya kazi. Kifungu cha 29 kinakataza shule ya Serikali kumtoza mzazi karo ya masomo. Malipo mengine hayatozwi ila kwa idhini ya Waziri, na hata yakitozwa, mtoto hafukuzwi kwa kushindwa kulipa, na anayepokea pesa hapana budi atoe risiti. Kifungu cha 39 kinaitwa wajibu wa Serikali: kuleta walimu wa kutosha, kujenga shule, kuleta vifaa vya kufundishia na pesa za kutosha. Mwaona? Safu ya tatu imekwisha kuandikwa na Bunge tangu 2013. Aliyechapa karatasi ya muhula ndiye aliyeiacha.

Na sheria hiyo hiyo ina adhabu kwa mzazi asiyempeleka mtoto shule: faini mpaka shilingi 100,000, au kifungo mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Mimi naikubali adhabu hiyo. Lakini nataka kujua, darasa likikaa muhula mzima bila mwalimu, nani atatozwa 100,000?

Nasema hivi si kwa kumgombeza mwalimu. Wako wazazi wetu ambao, karatasi ikija, humwendea mwalimu na matusi. Hilo ni kosa, na tena ni aibu kwa mtu wa chama. Mwalimu ni mfanyakazi kama sisi. Mwaka 2023 walimu vibarua wa shule za msingi waliandikwa kwa posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi, na wale wa sekondari msingi 20,000, nao wamesoma na kuhitimu sawasawa na wenzao wa kudumu. Aprili 2024 mahakama ya kazi ikasema kuwaandika hivyo si halali. Mei 2024 wale wa sekondari msingi wakagoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Sisi wa reli twajua kibarua ni nini. Januari 1947 watu wa bandari na wa reli Mombasa waliweka kazi chini pamoja. Hawakungoja kila mmoja apigwe peke yake. Basi mwalimu kibarua aliyepelekwa Ozi au Chara, anayelala nyumba ya kupanga na kuvuka maji kwa mtumbwi, akikuletea orodha ya manila, mjue naye ameletewa orodha kutoka juu. Mshikeni mkono, muisome pamoja.

Jambo jingine ambalo karatasi haikulitaja ni mto. Muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili, wakati masika imeshika na maji ya nyanda za juu yanateremka. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Siku moja kabla yake mashua ilizama kule Madogo, katika kaunti yetu hii, watu wakijaribu kuvuka maji yaliyokata barabara ya Garissa, na roho zikapotea. Wizara ikaahirisha, ikaahirisha tena, mwisho shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Nairobi watoto waliingia darasani. Kwetu Tana shule nyingine zilikuwa bado ndani ya maji, na nyingine zimelala watu waliohamishwa. Miezi michache nyuma, Novemba 2023, mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Garsen kwenda Lamu vivyo hivyo. Lakini kazi ya muhula ilikuwa ile ile, na mtihani ule ule.

Katika reli hatufanyi hivyo. Maji yakichukua kokoto chini ya mataruma, bwana steshenimasta hasemi treni itapita saa nane na dakika tano kwa kuwa ratiba imesema. Treni husimamishwa, gengi hutumwa, njia hukaguliwa, halafu ratiba huandikwa upya. Je, mtoto wa Kipini ana thamani ndogo kuliko behewa la makontena?

Na jua pia lina muhula wake. Ukame uliodumu toka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 uliwahamisha Waorma na Wawardei pamoja na ng'ombe wao, na mtoto hawezi kubaki peke yake hali mama yake amekwenda. Sheria ile ya 2013 iliweka Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama kwa ajili ya watoto hao. Nalo liandikwe katika safu ya tatu: muhula huu litaleta nini Garsen, kwa mtoto gani, katika kituo kipi.

Nataja Waorma na Wapokomo pamoja kwa makusudi. Toka Agosti mpaka Desemba 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta yetu, Riketa, Kilelengwani, Kipao, na watoto waliona mambo ambayo mtoto hafai kuona. Mtu akija mkutanoni akasema shule fulani ni ya kabila fulani na walimu waende huko kwanza, mtoeni nje kwa heshima.

Basi katika mkutano wa tawi nitatoa hoja hii, nami naomba mwenzangu mmoja aiunge mkono. Katibu wa tawi amwandikie Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, Hola, kwa jina la chama, aulize kwa kila shule yenye mtoto wa mwanachama: walimu wanaotakiwa ni wangapi na waliopo ni wangapi, pesa za muhula zilizofika ni ngapi na zilifika tarehe gani, vitabu vilivyoletwa ni vingapi, na mto ukifurika, masomo yatafidiwa lini. Nakala ipelekwe kwa chama cha walimu, wasije wakadhani twawapiga kutoka nyuma. Tena kila mwanachama anayeombwa pesa za shule aombe risiti, na asipopewa aandike siku, kiasi na sababu aliyoambiwa.

Daftari liko kwa karani wa tawi, pale ofisini. Wenye watoto toka Garsen mpaka Kipini, na upande wa Ngao, Tarasaa na Golbanti, waandike jina la shule na Gredi ya mtoto kabla ya mkutano. Jina la mtoto halitakiwi.

Ni mimi wenu katika kazi,
MTU WA GENGI, Mombasa