Tuitazame Tena

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alichora kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Katika miaka ya 1970 picha za namna hiyo, nyingi zikichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, zilitundikwa sebuleni mwa watu wa mji. Wenyeji walisema picha kama hizo ni ukumbusho. Nayo picha ya ukumbusho haitazamwi mara moja tu. Inakaa na watu nyumbani, siku za furaha na siku za matanga.

Sisi tuliosomea ualimu tulizoea kuonyesha picha, kuuliza «Mnaona nini?», kupokea jibu na kufunga kitabu. Tulikosea. Jibu la kwanza kwa kawaida ni lile ambalo mtazamaji alikuja nalo. Mbele ya picha hii, mara ya kwanza tulimwona Lumumba peke yake, maana ndiye tuliyemjua. Nyuma yake tukaona misalaba mitatu, tukakwazika: je, mwanasiasa awekwe mahali pa Bwana? Kama tungaliishia hapo, tungalibaki na kwazo letu tu.

Tuliporudi, tuliona kwamba damu inayotoka ubavuni mwake inaandika juu ya udongo neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hatulazimiki kuukubali ulinganisho wa mchoraji. Lakini swali lake linatudai jibu: umoja huo tumeufanyia nini, sisi ambao hata leo twaulizana kabila kabla ya kuulizana jina?

Mara ya tatu ndipo tulipowatazama Mpolo na Okito. Mmoja alikuwa waziri, mwingine kiongozi katika Seneti; walikufa usiku ule ule. Walikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo, nasi tuliwapita.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazazi wenzetu: msiwaonyeshe watoto picha kumi kwa siku moja. Wapeni moja, waiache kwa juma zima, kisha wairudie. Na watakaporudi, waulizeni kwanza: mara ile tulimpita nani?